Chini ya Thelathini na Tano

Jumatatu, 6 Novemba

Nimepigwa bastola mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Getini kwa shule: 34,2. Mlangoni kwa ofisi ya kodi: 33,8. Kwa mpiga chapa: 36,1, kwa sababu huyo nilimfikia baada ya kutembea juani. Kwa hesabu hiyo nilikuwa maiti saa moja, maiti zaidi saa mbili, nikafufuka saa tatu. Hakuna aliyeshangaa. Pita, Papa.

Tangu miaka ya Ebola mji huu wa Goma unaelekeza kile kidude cheupe chenye umbo la bastola kwenye paji la uso la kila mtu, na swali ni moja tu: joto liko juu? Kama haliko juu, pita. Sijawahi kuona mlinzi akimzuia mtu kwa sababu namba iko chini. Nilimweleza yule wa ofisi ya kodi kwamba ngozi si mwili. Asubuhi ya baridi ngozi hubana mishipa yake, damu inakimbilia ndani kulinda moyo na ubongo, paji la uso linabaki kama ukuta wa nje. Unapima ukuta, hupimi nyumba. Akanijibu: "Muzee, mi nilipewa kitu ya kupima. Sikupewa kitu ya kubishana." Jibu zuri. Limeniudhi siku nzima.

Nitaandika makala. Nilifundisha biolojia miaka kumi na tisa kabla ya barua zangu magazetini kunifukuzisha kazi. Mwili bado ni mada yangu. Mke wangu anasema hata siku nikifa nitabishana na wachimba kaburi juu ya urefu wa shimo. Anakohoa, wiki ya pili sasa. Hataki kwenda kupimwa.

Mizinga kaskazini tangu mchana. Mbali.

Jumatano, 8 Novemba

Zawadi amejifungua jana. Binti wa marehemu kaka yangu. Walikimbia Masisi mwezi wa nane, yuko kambi ya Kanyaruchinya, chini ya hema. Nimemwomba mara nyingi ahamie kwetu Katindo. Anakataa: siku wanayohesabu watu, asiyekuwepo jina lake linafutwa. Mume wake alirudi nyuma kutafuta ng'ombe. Hakuna habari zake. Mtoto amekuja wiki saba kabla ya wakati. Msichana. Kilo moja na gramu mia saba.

Nilifika kwa pikipiki saa sita. Kituo cha afya kilikuwa kimesharuhusu watoke, kwa sababu moja: bastola ilionyesha hana homa. Nilimkuta mtoto amelazwa juu ya kitenge, kitenge juu ya turubai, turubai juu ya mawe ya volkano. Mawe yale yanakunywa joto la mtu kama mchanga unavyokunywa maji. Bibi wa hema la jirani, wote wanamwita Koko, alikuwa amemwosha mara mbili tangu jana kwa maji ya tangi, akayasugua yale mafuta meupe ya kuzaliwa nayo mpaka yakaisha. Wanawake walikuwa wanamsifu mtoto. "Iko mupole huyu. Hasumbue mutu hata kidogo."

Si mpole. Anakufa bila kelele. Mtu mzima akishikwa na baridi hutetemeka. Kutetemeka ni misuli inachoma akiba yake ili itoe moto. Mtoto mchanga hawezi hilo. Ana mafuta kidogo ya namna ya pekee kati ya mabega, ndiyo kuni zake, na aliyezaliwa mapema hakupewa hata muda wa kukusanya kuni hizo. Zikiisha, halii tena, hanyonyi tena. Watu wanaita adabu. Nilimshika nyayo: baridi. Nyayo peke yake, bado kuna nafasi. Nikamshika tumbo. Baridi pia.

Nilimrudisha kituoni mikononi mwangu. Muuguzi anaitwa Placide, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akamwekea kipimajoto cha kioo kwapani. Thelathini na tano. "Iko chini kidogo, Papa, lakini si mubaya sana." Nikaomba daftari lake. Alinipa, nadhani kwa uchovu. Safu ya joto, watoto wachanga wa wiki hii: 35. 36,2. 35. Na huyu wetu, 35.

Haiwezekani. Watoto watatu hawafanani hivyo. Nikachukua kile kioo nikakitazama kwenye mwanga. Namba zake zinaanza 35! Chini ya hapo hakuna kitu. Zebaki inalala, haipandi, na muuguzi anaandika namba ya kwanza anayoiona. Ile si joto la mtoto, ni mahali kioo kinapoanza kuona. Mtoto wa 33 ni 35. Wa 31 ni 35. Hata aliyekufa ni 35.

Nilipiga kelele. Maneno siyajutii. Sauti naijutia, maana mlangoni kulikuwa na foleni ya wanawake na watoto wao wakaanza kulia. Placide alisubiri nimalize. "Papa, mi naandika kile naona." Nikamwambia hapo hasa ndipo ugonjwa ulipo.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimewaleta mjini wote wawili. Zawadi mwenyewe anaungua, homa ya uzazi. Hospitali imempokea. Mtoto, hapana. Yale masanduku ya kioo ya kuwapasha moto watoto waliozaliwa mapema wanayo mawili. Vita vimekata waya za umeme, jenereta inawaka saa chache, na katika kila sanduku kuna watoto watatu wamepangwa kama samaki. Daktari hakunidanganya. Mpeleke nyumbani, Papa, umweke kwenye joto. Joto gani? Hakusema, na alikuwa ameshaitwa kwingine.

Nilikuwa na jibu. Mimi sikosi jibu. Boksi la sabuni, chupa nne za maji yaliyochemka, kila moja imefungwa taulo, jiko la makaa pembeni, mlango umefungwa. Nilijiona mhandisi. Hata nilianza kuandika aya ya kwanza ya makala: mtu maskini anaweza kutengeneza kwa mikono yake kile ambacho serikali imeshindwa.

Saa kumi jioni: upande wa kushoto mwekundu, anapumua mbio, mgongo una unyevu. Upande wa kulia baridi. Taulo moja lilikuwa limeteleza. Kwenye paja lake pana lengelenge, kubwa kama punje ya kahawa.

Nimemuunguza. Nataka liandikwe kwa mkono wangu mwenyewe: nimemuunguza mtoto wa kilo moja na gramu mia saba, na nilikuwa najisifu.

Mke wangu alilibeba jiko akalitupa uani. "Ulitaka kutuua wote na moshi? Umesoma vitabu yote, hukusoma ngozi." Hasemi jambo mara mbili.

Ijumaa, 10 Novemba

Mzee mmoja amegonga asubuhi. Muzee Bahati, mfugaji, aliyekimbia pamoja na Zawadi kutoka milimani mwezi wa nane. Alikuwa amemletea kadi yake ya kambini ili isiibwe. Alikuwa na ng'ombe wengi. Amebaki na kamba ya mmoja wao, na bomba la alumini ndani ya koti. Ndani ya bomba, kipimajoto cha ng'ombe. Kioo kirefu, kizito, chenye pete na uzi. Miaka mingi alimbebea mganga wa mifugo begi lake, na yule mganga alipoondoka alimwachia hicho.

Nilikiangalia kwa makini. Namba zinaanza thelathini na mbili.

Ng'ombe mzima ni 38 na nusu. Kuku ni zaidi ya arobaini. Mimi nikifika kwenye joto la kuku naitiwa padri. Yeye anaendelea kuparura. Kila mnyama mwenye damu moto ana namba yake na anaigharamia usiku na mchana kwa chakula chake. Ni mjusi tu anayeazima jua kwenye mawe ya volkano na kulirudisha jioni. Hayo nilikuwa nafundisha kwa chaki. Leo yalikuwa mkononi mwa mzee asiyejua kusoma isipokuwa namba.

Alikipangusa kwa kanyanga, ile pombe kali, mara tatu. "Usiniulize mahali kilikuwa kinaingia." Akakikung'uta kwa kifundo cha mkono, mara tano, kama mtu anayefukuza nzi. Kwapani. Tukasubiri. 33,6.

Namba ya kweli. Mbaya kuliko zote nilizosikia mwezi huu, na nilitaka kuishangilia.

Mzee alitazama boksi langu. Hakucheka. Alisema ndama akizaliwa kwenye mvua, kule kwao hawamweki karibu na moto. Unamkausha kwa nyasi. Unaingiza kidole kinywani. Kinywa kikiwa baridi, huna muda. Kisha unambana kati ya miili miwili. "Moto haujue kusema basi. Mwili unajua."

Miaka kumi na tisa ya ubao, na sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Chupa ilikuwa na joto la kupika. Kifua ni thelathini na saba, hakivuki hapo, hakiwezi kumpika mtu. Mtoto akiwa baridi kinampa. Akitosheka, hakuna kinachozidi.

Kifua cha nani? Zawadi yuko kitandani hospitali. Mke wangu anakohoa, ameogopa kumwambukiza. Muzee Bahati alifunua koti, akaonyesha mbavu: "Hapa ni kama kumulalisha kwa ngazi." Wakanitazama wote wawili.

"Toa shati," mke wangu akasema. Tumeoana miaka ishirini na sita. Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo mbele ya mgeni.

Mtoto ana nepi na kofia, basi. Wima, miguu imekunjwa kama chura, sikio kwenye mfupa wangu wa kifua. Kitenge kinazunguka mara mbili. Shati, sweta, koti. Ni mwepesi kiasi cha kuogopesha. Alikuwa kama kipande cha sabuni iliyolowa.

Jioni: 34,7.

Jumapili, 12 Novemba

35,4 asubuhi. 35,9 baada ya misa.

Ndiyo, nilikwenda misa. Nimekaa kwenye kiti siku mbili, silali chali, mgongo unawaka. Mke wangu anakwenda hospitali na kikombe mara nne kwa siku, anarudi na maziwa ya Zawadi, tunampa mtoto kwa ncha ya kijiko, tone kwa tone. Kikohozi chake anakifunika kwa kitambaa na hanisogelei. Kazi yake ni kubwa kuliko yangu. Mimi ni jiko tu.

Uani mwa kanisa walinisubiri. Mmoja wa wanakwaya, mtu ninayebishana naye kila Jumapili juu ya siasa: "Prof, utaanza kunyonyesha lini?" Mwingine: "Muache, ameshindwa vita ya kalamu, sasa anafanya vita ya matiti." Kicheko. Niliwaambia dume la njiwa hulalia mayai na halijapoteza heshima yake, na kwamba wao wenyewe vifua vyao havijawahi kumfaa mtu yeyote, hata wake zao. Wamama wakashangilia. Kisha mama mmoja mzee akanisogelea na kusema kwa upole kwamba mwanamume akibeba mtoto ambaye kitovu hakijaanguka, analeta mkosi nyumbani.

Nyumba ipi, mama? Kaskazini nzima iko barabarani. Mkosi umeshafika, una magari.

Sikumjibu hivyo. Nilimwitikia kwa kichwa nikaondoka. Lakini naandika hapa.

Jumatatu, 13 Novemba

36,1.

Mhariri amekataa makala. Anataka vita. Kila mtu anaandika vita: nani ameteka kilima kipi, nani amemsaidia nani. Akaniambia, kwa heshima, kwamba msomaji aliyesikia mizinga asubuhi hatanunua gazeti asome juu ya kwapa.

Nimerudi nyumbani nikiwa nachemka. Nikajituliza, kwa sababu nikichemka kweli mtoto kifuani atapumua mbio.

Vita ni nini basi? Ni risasi peke yake? Mwanamke mjamzito anatembea siku nne. Anajifungua mapema. Analala juu ya mawe. Umeme umekatwa. Mtoto anapoa polepole, digrii kwa digrii, na katika daftari hajapoa, yuko 35 kama wenzake. Hakuna atakayemhesabu kati ya waliouawa. Hana jeraha. Watasema alikuwa dhaifu, watasema Mungu amemchukua. Mimi nasema ameuawa na watu wenye majina, na silaha ilikuwa baridi. Kama gazeti haliwezi kuchapisha hilo, liwe la kufungia karanga.

Nitaandika tena. Nitaandika mpaka wachoke.

Jumanne, 14 Novemba

Placide amekuja. Alitembea kutoka Kanyaruchinya, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mmoja wa wale watoto wawili wengine wa 35 amefariki Jumamosi.

"Hata siku ile ya mwisho, Papa, nikaandika 35."

Nilikuwa na sentensi kali niliyoitengeneza tangu Jumatano, kwa ajili yake. Ilikuwa nzuri. Nimeimeza. Ana wagonjwa mia na kioo kimoja. Mimi nina boksi la sabuni na lengelenge.

Muzee Bahati, ambaye hulala sebuleni kwetu sasa, alimwonyesha namba za kioo chake. Mimi nilimwonyesha namna ya kufunga kitenge, mtoto akiwa ndani. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wangu wote. Kabla ya kuondoka alifungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa juu ya safu ya joto: chini ya 35. Kuanzia leo zebaki ikikataa kupanda, ataandika hivyo, atashika tumbo na nyayo, na hatamruhusu mtoto kutoka.

Maneno mawili na namba moja. Nimeandika makala mia tatu maishani na hakuna hata moja iliyofanya kazi hiyo.

Alhamisi, 16 Novemba

Daktari alitaka mtoto apimwe uzito na ajaribu ziwa. Nikampeleka. Amepungua: kilo moja na gramu mia sita. Wanapungua wote kwanza, akasema. Mtoto alilishika ziwa la Zawadi, akanyonya mara tatu, akalala. Mara tatu! Zawadi alilia. Mimi nilitazama dirishani.

Kurudi, mvua. Ile ya Goma, ya baridi, inayoshuka na majivu. Pikipiki zimekatazwa tangu asubuhi kwa sababu ya milio ya risasi, kwa hiyo kwa miguu. Karibu na Katindo, kamba imefungwa barabarani. Wanaume wanne na bunduki. Sare siku hizi ni nyingi, sikujua zao ni zipi, sikuuliza.

"Weye muzee, unaficha nini ndani ya koti?"

"Mutoto."

"Mutoto gani? Fungua."

"Sifungui."

Nilisikia chuma kikivutwa. Watu nyuma yangu wakatawanyika kwenye mitaro. Nilikuwa na hofu, nakiri. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaoelekeza vitu kwangu na kuniuliza swali moja. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye ukosi. Mtoto mkavu hupoa polepole. Mtoto aliyelowa hupoa ukimwangalia, maji yakikauka yanaondoka na joto lake. 36,4 ya leo asubuhi tuliijenga siku sita. Kwa dakika moja ya koti wazi yote ingekwenda.

Nikamwambia: hili si koti, ni nyumba. Humo ndani anaishi mtu wa kilo moja na nusu. Ukifungua mlango mvua inaingia, anakufa, na utakuwa umemuua wewe, bila risasi. Unataka kujua kama nasema kweli? Ingiza mkono. Lakini kwanza upashe moto, una baridi.

Mmoja wao akacheka. Yule mwenye bunduki alitazama mkono wake. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Akaupangusa kwenye suruali, akaupuliza, mara mbili, akauingiza chini ya ukosi wangu. Nilihisi vidole vyake vikimkuta. Vikasimama.

"Inapumua mbio."

"Ndivyo wanapumuaka."

Aliutoa mkono polepole. Akashusha kamba. "Pita, mama." Wenzake wakaangua kicheko, na mmoja akaongeza, "Mama ya ndevu!"

Nikapita. Sijawahi kujibu tusi kwa ukimya maishani, lile nililipokea kama cheo. Mita mia mbele miguu ikaanza kutetemeka, kisha magoti, kisha meno. Haikuwa kwa sababu ya baridi. Lakini misuli haijui tofauti, ilitoa moto vilevile, na yeye akaupokea.

Nyumbani: 36,1. Imepungua kidogo tu. Mke wangu alinikausha kichwa kwa taulo, kisha akakaa chini sakafuni.

Jumamosi, 18 Novemba

36,5. Gramu ishirini zaidi. Kitovu kimeanguka.

Zawadi ametoka hospitali, homa imeisha. Anambeba usiku na mchana wote isipokuwa asubuhi. Asubuhi ni yangu, nimekataa kuiachia.

Mke wangu amekubali kupimwa. Si kifua kikuu, ni maambukizi ya mapafu tu, dawa za siku saba. Mwanamke mkaidi.

Jumanne, 21 Novemba

Kanyaruchinya, na Muzee Bahati. Nilikwenda kupigana na Koko. Nilikuwa nimejiandaa: kuosha, yale mafuta meupe ambayo ni blanketi ya kwanza ya mtoto, maji ya tangi, yote. Mbele ya wanawake wa mstari mzima wa mahema.

Alinisikiliza akichambua maharage. Kisha: "Prof, mi niliosha batoto ya milima mizima na hii mikono. Hata weye, mi ndiye ningekuosha, ungekuwa na akili."

Wanawake karibu waanguke. Nilingoja wamalize. Akaendelea, bila mzaha sasa. Kule Masisi, alisema, mtoto alioshwa kando ya moto, na moto ulikuwa katikati ya nyumba, hauzimwi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Chini palikuwa na majani makavu ya migomba. Mama hakutoka mlangoni mpaka kitovu kianguke. Ng'ombe walikuwa nyuma ya ukuta, wanapumua. "Ile kuosha ilikuwa na nyumba yake. Nionyeshe hapa moto iko wapi." Moto ndani ya mahema umekatazwa, yanashika haraka.

Sikuwa na jibu. Nalirudia kwa sababu halijatokea mara nyingi: sikuwa na jibu. Nilikwenda kushtaki mila, kumbe mila ilikuwa imenyang'anywa nyumba kama wenye mila wenyewe. Wamebaki na maji peke yake.

Kisha Koko mwenyewe akasema, kama mtu anayetangaza sheria: hapa kwa mahema, mtoto haoshwi mpaka kitovu kianguke. Anapanguswa, anakaushwa, anafungwa kifuani. Mwenye kuosha ataonana naye. Nilipoondoka alikuwa anawaeleza wengine kwamba ameliwaza jambo hilo siku nyingi.

Sawa. Liwe lake.

Muzee Bahati alibaki na Placide, wanapima. Kioo hakitoki mkononi mwake. Mtu akikihitaji anamhitaji na yeye.

Jumanne, 28 Novemba

Mizinga karibu. Madirisha yanalia. Majirani wanafunga mizigo, wengine wanaifungua tena kwa kukosa mahali pa kwenda. Wananiuliza tunaondoka lini. Hatuondoki. Mtoto akisafirishwa kwenye mvua na vumbi, atarudi kule nilikomtoa. Nimewaambia wote nyumbani: ukuta wa nyuma, magodoro, tunakaa. Zawadi alinitazama, mtoto kifuani. "Baba mudogo, na kama wanafika?" Wakifika watatukuta, na nitawaambia wapashe mikono moto.

Alicheka. Mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

36,7. Kilo moja na gramu mia tisa.

Jumapili, 17 Desemba

Kilo mbili na gramu mia tano. Mizinga imenyamaza wiki hii, hakuna anayejua kwa nini.

Asubuhi Zawadi alinipa mtoto kama kawaida na kwenda kuoga. Nilimweka, nikafunga kitenge, nikakaa na kitabu. Akaanza kujipinda. Nikamtuliza. Akasukuma kwa miguu yote miwili kwenye tumbo langu, akatoa mkono nje ya ukosi, kisha wa pili, akakunja uso, akalia. Kilio kikubwa, cha hasira. Nilidhani ana njaa; maziwa ameyakataa. Nikamshika shingo kwa nyuma. Jasho.

Muzee Bahati alikuwa mlangoni. "Anakuambia basi," akasema.

Nikamtoa. Nilimvika fulana na soksi, nikamfunika blanketi kavu, nikamlaza kitandani peke yake. Alinyamaza mara moja, akanyoosha miguu, akatazama dari. Tulisubiri saa nzima. Mzee alikung'uta kioo, akamwekea kwapani, akakipeleka dirishani, akanipa nisome mwenyewe.

36,8.

Hakuna mwili mwingine uliomgusa kwa saa nzima. Joto lile ni lake, amelitengeneza mwenyewe.

Zawadi alitoka bafuni, nywele zinadondoka maji, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Nikafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, nikaenda kuvaa sweta kwa sababu nilihisi baridi.